Nimehama mkoa na sijasogea: anti anajibu wasaka hazina wa Nyanda za Juu Kusini

Barua za safari hii nyingi ni za msako wa hazina, ile michezo ya mtandaoni ambayo unapewa fumbo, ukilifungua unapewa lingine, mpaka unafika mwisho kwenye zawadi. Naona kuanzia Tunduma mpaka Iringa watu wameunda magrupu wanakesha na mafumbo, na mi nafurahi kwakweli, maana ni akili inafanya kazi na watu wanaongea. Nimejibu yale tu ambayo muda wake umeshafungwa, ambayo bado yako hewani sitayagusa hata mkiniomba vipi, wenzenu bado wanahangaika nayo.

*Shikamoo anti. Grupu letu lina watu kumi na nane, wengi tupo Mbeya mjini, Soweto, Mwanjelwa na Uyole, wawili wapo Vwawa. Fumbo la tatu limetugombanisha, linasema hivi:*

*Nilifika bila njia, nikalala bila kitanda.*
*Chuma mimi, ila mhunzi hanijui.*
*Walichimba kunizunguka, nikabaki nimesimama.*
*Nimehama mkoa, na sijasogea hata hatua.*
*Nitaje, kisha nitajie nilipo leo.*

*Nafasi za kujibu zilikuwa mbili. Wengi wakasema ni treni ya TAZARA na hao ndo wanaongea sana, tukatuma TAZARA ikakataa. Tukatuma Kimondo, Mbeya, nayo ikakataa, basi tukawa tumeishiwa. Sasa watu wanarushiana maneno na admini kajitoa. Tulikosea wapi, na tufanyeje tusivunjike? Mdogo wako, Soweto, Mbeya.*

Marahaba mdogo wangu. Mlikuwa karibu sana, na mlichokosa ni mstari mmoja tu ambao mliusoma mkaupita.

Tuanze na TAZARA. Najua kwanini ilivutia, chuma ipo, kufika ipo, na sisi watu wa huku reli ile tunaipenda. Lakini ibane na maneno. "Nilifika bila njia", reli yenyewe si ndo njia, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, watu wameichonga milimani kuanzia 1970 mpaka 1975, hapo njia imetengenezwa kwanza alafu treni ndo ikaja. "Nikalala" mnaweza mkalazimisha. "Walichimba kunizunguka", nani kachimba kuizunguka treni? "Sijasogea hata hatua" ndo inaua kabisa. Yaani jibu linakula neno moja, chuma, mengine yote yanabaki kwenye sahani.

Sasa chukua kimondo cha Mbozi. Kimetoka angani, hakuna njia. Wenyeji walikuwa wanakijua siku nyingi ila wageni wameanza kuandika habari zake 1930, kikiwa kimelala pale kilima cha Marengi, nusu kimefukiwa. Ni chuma kwa karibu asilimia 90 na kingine kikubwa ni nikeli, hakuna mhunzi aliyekifua. Halafu wakachimba udongo pembeni kukizunguka, wakaacha nguzo ya udongo chini yake ambayo baadaye ikajengewa vizuri, ndo maana ukienda leo unakikuta kimekaa juu kama kimewekwa kwenye stuli. Kila mstari umepata kazi. Unabaki ule wa nne, kuhama mkoa bila kusogea, na hapo ndo mlipoangukia, kwasababu mlikuwa mmeshafurahi kupata jina mkaandika mkoa mliozoea. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, Mbozi ikaenda nayo. Jiwe liko palepale, mkoa ndo umebadilika. Jibu ni Kimondo, Songwe.

Na hili naomba usome taratibu. Mna watu wawili Vwawa. Vwawa ndo makao makuu ya mkoa wa Songwe, ndo wilaya ya Mbozi yenyewe, hao wenzenu kila wakijaza fomu yoyote wanaandika Mkoa: Songwe. Kwenye barua yako yote sijaona mahali kwamba waliulizwa. Wangeulizwa swali moja tu, hivi kimondo kiko mkoa gani, fumbo lingekuwa limeisha. Ndo shida ya kuamua fumbo kwa kura, mwenye sauti kubwa anavuta wengine, waliokuwa na jibu wanaona aibu kupingana na watu kumi na tano wanakaa kimya wanasoma tu.

Kwaiyo mkianza upya fanyeni hivi. Fumbo likiingia, admini afunge grupu, ile sehemu ya kuruhusu maadmini peke yao kutuma ujumbe, kwa nusu saa au lisaa. Kila mtu analisoma kivyake na kumtumia admini jibu lake pembeni, na asitume jibu tupu, aseme na kila mstari ameuelewaje. Admini anayaweka yote kwa pamoja bila majina. Hapo ndo mnafungua mjadala, na hamjadili nani kasema, mnajadili maneno. Chagueni mtu mmoja kila fumbo, wa kubadilishana, kazi yake isiwe kutoa jibu, iwe kuuliza tu: na neno hili linafanya kazi gani? Anaanza neno la kwanza anamaliza la mwisho. Jibu likibakiza neno ambalo halina kazi, hata kama watu kumi na saba wanalipenda, halitumwi. Mimi hiki ndo ninachokiamini kuliko mbinu nyingine yoyote ya mafumbo, na wala si kitu kigeni, vitendawili vyetu ndivyo vilivyo. Nyumba yangu haina mlango, ukijibu yai, nyumba imepata kazi na kukosa mlango kumepata kazi, hakuna kilichobaki.

Voisi noti zipunguzeni, fumbo linahitaji kuandikwa maana kesho mtataka kurudi kutafuta mtu alisema nini na kwenye sauti hamtakipata.

Kuhusu admini, mpigieni simu. Msimwandikie, mpigieni, na aliyempinga sana ndo apige.

*Kamwene anti. Nasoma Iringa, nimepanga Kihesa na mwenzangu. Tulipewa hivi: IXYX OLOLUXGL KDSD, na chini yake kufuli la tarakimu nne. Nikaweka kwenye programu ya mtandaoni ya kufungua herufi za siri ikaniletea maneno hayaeleweki. Mwenzangu akakaa nayo usiku akasema ni habari za fuvu la Mkwawa, nikimuuliza umejuaje anasema kahisi tu. Tukaweka 1898, mwaka aliokufa, kufuli limegoma. Naomba unifundishe mimi sitaki kuhisi. Binti wa Kihesa, Iringa.*

Kamwene mwanangu. Umenifurahisha kusema hutaki kuhisi, kwaiyo tukae chini tulifungue polepole, chukua karatasi na kalamu.

Kwanza programu zile. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, zinahesabu herufi iliyotokea mara nyingi na kudhani ni E. Kwetu E haiongozi, kwetu inayoongoza ni A. Kwaiyo ukiipa maandishi ya Kiswahili inakwenda kombo toka hatua ya kwanza.

Sasa Kiswahili kinakupa zawadi ambayo Kiingereza hakina: maneno yetu yanaishia na irabu. Ukiacha majina ya watu na maneno machache ya kuazima, kila neno mwisho wake ni A, E, I, O au U. Angalia herufi za mwisho za maneno yako matatu, ni X, L na D. Hizo tatu lazima ziwe irabu, hata kabla hujajua kitu kingine chochote.

Andika alfabeti yote kwa mstari mmoja, A mpaka Z, herufi zote 26 hata zile ambazo sisi hatuzitumii. Hesabu hatua. Kutoka A kwenda E ni hatua 4, E kwenda I ni 4, I kwenda O ni 6, O kwenda U ni 6. Sasa hesabu zako: kutoka D kwenda L ni 8, kutoka L kwenda X ni 12. Kwenye irabu wapi unapata 8 alafu 12? A kwenda I ni 8, I kwenda U ni 12. Na hakuna mpangilio mwingine unaokubali, jaribu D iwe E uone, L inakuwa M. Basi D ni A, L ni I, X ni U, kila herufi imesogezwa mbele hatua tatu. Hii mbinu ya kusogeza herufi ni ya kale sana, inaitwa kwa jina la Kaisari wa Roma ambaye naye inasemekana alikuwa anasogeza tatutatu.

Ukijaza irabu peke yake unapata kiunzi: -u-u, -i-i-u-i, -a-a. Hapo mtu wa Iringa anaanza kusikia neno kabla hajamaliza. Rudisha na konsonanti nyuma hatua tatu: FUVU LILIRUDI HAPA. Mwenzako hakuhisi tu, macho yake yaliona mpangilio ila hana namna ya kuueleza, mwonyeshe karatasi hii mtaelewana.

Sasa kufuli. Mmeweka 1898, na ni kweli ndo mwaka Mkwawa alipojiua ili asikamatwe na Wajerumani. Lakini rudi kwenye lile swali la kila neno na kazi yake. Fuvu, sawa. Hapa, ni Kalenga. LILIRUDI je? Mwaka 1898 fuvu halikurudi, ndo liliondoka. Kuna mtego mwingine wa 1919, kwenye mkataba wa Versailles liliandikwa kwamba Ujerumani ilirudishe, na mtu msomaji sana anaweza akauweka huo, ila kuahidiwa si kurudi. Lilirudi 1954, Gavana Edward Twining ndo alilileta likakabidhiwa kwa familia na kwa Wahehe, na liko kwenye makumbusho pale Kalenga mpaka leo. Kufuli ni 1954.

Kalenga si mbali na mjini, nendeni siku moja nyie wawili, mwende kwa adabu maana pale si mahali pa mchezo, kuna kaburi na kuna watu wa ukoo. Alafu mtaona vile fumbo linavyokuwa kitu kingine ukisimama mbele ya chenyewe.

*Anti habari za kazi. Fumbo letu lilikuwa: "mashariki 33.45, kusini 8.9, saa tatu asubuhi fuata mshale mfupi." Tukaweka 33.45, -8.9 kwenye ramani ya simu ikatupeleka baharini. Tumeshindwa kabisa. Vijana wa Njombe.*

Habari nzuri wanangu. Ramani ya simu inataka ya kaskazini na kusini itangulie, ya mashariki na magharibi ifuate, nyie mmefuata mpangilio wa fumbo. Mlivyoandika inawatupa Bahari ya Atlantiki, jirani na Morocco. Andikeni -8.9, 33.45 mtaona mnatua Mbeya. Na kile kialama cha kutoa msikisahau, ndo kinachosema kusini, ukikiacha unatua Sudan Kusini. Ila kumbukeni kwamba tarakimu moja baada ya nukta inaruhusu kupotea kilomita kama 11, mkitaka kufika kwenye nyumba mnahitaji tarakimu nne. Kwaiyo hapo mmepewa mji, hamjapewa nyumba, mwenye fumbo anataka muanzie mjini.

Watu wa nje wana mchezo mkubwa kabisa wa kuficha visanduku na kuvitafuta kwa namba hizihizi, ulianza Mei 2000 mara tu Marekani ilipoacha kuivuruga makusudi GPS ya watu wa kawaida, kwaiyo mkizijua namba hizi vizuri zitawafaa popote.

Mshale: saa tatu asubuhi ya kwetu, mshale mfupi wa saa uko kwenye 9, si kwenye 3. Ukilaza saa kama ramani, 12 juu ni kaskazini, basi 9 ni magharibi. Fumbo lililotungwa na Mswahili muda wake ni wa Kiswahili. Kutoka Mbeya mjini mnaelekea magharibi, njia ya Tunduma.

*Shikamoo dada. Mimi ni mzazi, Tukuyu. Vijana wangu wanacheza msako, fumbo la mwisho linasema: "Mjerumani alizamisha, mimi nikafunika. Jina langu ni penye biashara nyingi, ila mimi ni maji. Herufi sita." Sasa wamepata jamaa mwenye mashine ya kupima madini, wanataka kwenda ziwani kuchimba mali ya Mjerumani. Nimeogopa. Mzazi, Tukuyu.*

Marahaba mama, au baba, hukusema. Wazuie leo hiihii.

Jibu wanalo tayari na halihitaji jembe. Penye biashara nyingi ni masoko, herufi sita, ziwa Masoko, lile la volkano hapo kwenu Rungwe ambalo wazee wanasimulia Wajerumani walitupa humo fedha na vitu vyao wakati wa vita ya kwanza. Fumbo linataka jina tu, halijasema "leta". Msako wa mtandaoni hazina yake ni jibu unaloliandika kwenye kisanduku cha simu, na hata ile yenye zawadi ya kushika, mwandaaji mwenye akili haifichi mahali pa kuchimbua au pa kuzama.

Na huko kuchimba ni kosa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu mtu kufukua vitu vya kale bila kibali, iwe Masoko, iwe Isimila, iwe popote. Hii habari ya mali ya Mjerumani imewaumiza watu wengi huku kwetu, mtu anauziwa ramani, anauziwa mashine, anauza ng'ombe, mwisho anabaki na shimo. Inaniuma kuona mchezo mzuri wa akili unageuzwa kuwa mlango wa matapeli walewale.

Waambie pia habari ya Marekani, tajiri mmoja anaitwa Forrest Fenn alificha sanduku la dhahabu kwenye milima ya Rocky akatoa shairi la vidokezo mwaka 2010. Lilipatikana kweli, 2020, huko Wyoming, lakini kabla ya hapo kuna watu walikufa wakilitafuta, wengine mitoni. Mto Kiwira na kingo za ziwa Ngozi mnazijua nyie wenyewe zilivyo. Fumbo likianza kumwelekeza kijana wako kushuka sehemu hizo, hapo ameshalisoma vibaya, arudi kwenye maneno.

*Anti, tumefika fumbo la mwisho, sasa wanasema kila mmoja atume elfu tano kwa namba ya mtu ndo walifungue. Tutume? Mafinga.*

Msitume. Fumbo linafunguliwa kwa jibu. Na wakija kuomba namba ya siri ya simu au ile namba inayotumwa kwa meseji, tokeni kwenye mchezo huo kabisa. Mashindano ya kulipia na zawadi yana msimamizi, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, waulizeni waandaaji kama wamesajiliwa. Wakikasirika kuulizwa, mmeshapata jibu lenu.

*Binti yangu, mimi mzee wa Makambako, nina miaka sitini na nane. Wajukuu wanacheza haya mafumbo ya kwenye simu wakiwa Mbeya na Dar, nasikia wanacheka nami nataka. Vitendawili nilikuwa navitega vizuri sana. Ila simu yangu kitochi, haina picha. Nafaa kitu?*

Shikamoo mzee wangu. Unafaa sana, na wajukuu wako hawajui wamekaa na nini. Wewe reli umeiona ikijengwa hapo Makambako. Wewe unakumbuka majina ya zamani, barabara ya zamani ilipita wapi, mkoa ulikuwa unaishia wapi kabla haujakatwa, na watunga mafumbo wanapenda mno vitu hivyo. Mtoto wa Dar akikuta "Langenburg mpya" kwenye fumbo atahangaika wiki, wakati huku wapo wazee wanaojua moja kwa moja kwamba ni Tukuyu ya enzi za Mjerumani.

Hili nawaandikia wajukuu. Mpigieni babu, hata dakika tano jioni. Msimhadithie fumbo kwa maneno yenu, msomeeni neno kwa neno kama lilivyoandikwa, mara mbili, na nukta mseme ziko wapi, kwasababu mkilieleza mnaondoa lile neno ambalo angelishika. Msimwambie mmefikiria nini mpaka amalize kusema yake. Kama lina picha, mwelezeni kilichopo bila kukipa maana, msiseme "kuna kanisa", semeni kuna jengo lina mnara mrefu na paa jekundu. Na kama ni herufi za siri msimsomee zote kwenye simu atachoka, mtajieni idadi ya herufi za kila neno na ile ya mwisho ni ipi, aandike kwenye karatasi, mumpigie tena kesho yake.